Kushuka hadi Sauzi polepole, nyie wawili, kwa miezi kadhaa: mwongozo wa wanaoanza

Maswali tunayoulizwa kuhusu safari yetu ya Sauzi (Afrika Kusini) ni yale yale. Hela mlitoa wapi, kazini mliwaambiaje, viza mlilipa ngapi, hamkugombana, na huko Sauzi si wanapiga wageni? Basi naandika yote mara moja, kwa mke na mume (au wachumba, hayo mtamalizana wenyewe na wazee wenu) wenye pasi ya Tanzania ambao wanataka kutoka nje ya nchi miezi minne mitano, siyo kwa ndege na hoteli, ni kwa basi na chumba cha kupanga kwa mwezi, mkae, mpike, muuza nyanya wa mtaa awazoee. Ruti ninayotumia kama mfano ni Dar, Mbeya, Malawi, Zambia, halafu Botswana au Zimbabwe, mnamalizia Sauzi. Nimeichagua kwa sababu moja tu ya maana: hizo zote ni nchi za SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na sisi tumo) na Mtanzania anayeenda kutembea haombi viza, anagongewa mhuri mpakani. Mwenye pasi ya Kenya naye Sauzi anaingia bila viza tangu Januari 2023, ila nchi za katikati aziangalie moja moja. Kama mmoja wenu ana pasi tofauti na mwenzake, kila mtu anahesabiwa kwa pasi yake, ndoa haisaidii kitu hapo.

Safari ya namna hii inapangwa kwa siku za mhuri na kodi ya mwezi. Vivutio vinakuja baadaye. Wengi wanaanza na orodha ya vivutio, wanaishia nchi sita ndani ya wiki tano, hela imekatikia Lusaka na hawaongeleshani.

MNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Pasi mbili zenye zaidi ya miezi 6 kuhesabu kutoka siku ya KURUDI, siyo ya kuondoka, na kurasa tupu za kutosha. Mhuri wa kuingia na wa kutoka kila nchi unakula nafasi.
- Kadi ya manjano, kila mtu yake. Chanjo ya homa ya manjano inahesabika baada ya siku 10, na tangu 2016 ukichanjwa mara moja ni ya maisha, kwa hiyo kama unayo ya zamani usikubali kuuziwa nyingine. Na tafadhali msinunue ya kishoka, chanjeni.
- Bima ya safari. Kadi zenu za bima za nyumbani zisahauni, huko hazifanyi kazi. Soma mstari wa siku: bima nyingi zinaishia siku 90 kwa safari moja.
- Kadi za benki angalau mbili, za benki tofauti, ikiwezekana moja Visa na nyingine Mastercard.
- Dola za keshi, safi, zisizokunjwakunjwa wala kuchorwa. Noti za zamani zinakataliwa sana, chukua zenye mwaka 2013 kuja juu, na ziwepo ndogo ndogo.
- Nakala za pasi, kadi ya manjano, cheti cha ndoa, bima. Moja ya karatasi kwenye begi la mwenzako, nyingine kwenye imeili, ya tatu kwa mtu mnayemwamini nyumbani.
- Hela ya msiba. Nitaieleza hatua ya tano.

HATUA ZENYEWE

1. Kubalianeni mwisho kabla ya mwanzo

Kaeni chini siku ambayo hakuna aliyechoka, kila mtu aandike peke yake kwenye karatasi vitu vitatu: anataka nini kwenye hii safari, hawezi kuvumilia nini, na kitu gani kikitokea tunarudi. Halafu mbadilishane. Msifanye kwa mdomo maana mmoja ataongea na mwingine ataitikia "sawa tu mpenzi", na hiyo sawa tu ndiyo italipuka stendi ya Lilongwe saa nne usiku. Mkikuta mmoja anataka bahari na kulala na mwenzake anataka kupanda milima, siyo tatizo, ruti hii ina vyote, tatizo ni kugundua hilo mkiwa tayari njiani.

Wekeni na kiwango cha chini cha hela. Yaani akaunti ikifika kiasi fulani tunakata tiketi ya kurudi, bila mjadala. Kiandikwe.

2. Kazi

Sheria ya kazi ya Tanzania inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka, hazitoshi. Njia zilizobaki ni likizo bila malipo, kuacha kazi, kwenda katikati ya mikataba miwili, au kama ni mfanyabiashara kumwachia mtu duka (hapo mnajuana na huyo mtu, mimi sitii neno). Ukiomba likizo bila malipo iombe kwa maandishi, upewe jibu kwa maandishi, na uulize michango yako ya NSSF au PSSSF inakuwaje kipindi hicho, siyo uje kugundua miaka kumi baadaye.

Anayefanya kazi kwa laptopu akiwa njiani ajue mhuri wa kutembea haukuruhusu kuajiriwa kule wala kufungua genge. Mpakani mkiulizwa mnakuja kufanya nini, jibu ni kutembea, kwa sababu ni kweli mnatembea, usianze kuhutubia kuhusu miradi yako ya mtandaoni.

3. Tarehe: ondokeni Mei

Huku kusini mvua ni Novemba hadi Aprili, na Januari hadi Machi ndiyo msimu wa vimbunga upande wa Msumbiji na Malawi; Idai Machi 2019 na Freddy mwaka 2023 vilikuwa miezi hiyo hiyo. Mkiondoka Mei mnakuta ziwa limetulia Malawi, mnafika Livingstone Julai au Agosti maporomoko ya Victoria bado yana maji (mkichelewa hadi Oktoba upande wa Zambia mnaweza kukuta mwamba mtupu), na mnaingia Cape Town Septemba au Oktoba mvua zao zimeisha, maana kule wao mvua ni Juni hadi Agosti, kinyume na wenzao wa kaskazini.

Kosa la wengi hapa ni baridi. Mtu wa Dar anasikia Afrika anafikiri joto. Juni na Julai hata Lusaka asubuhi inauma, na Johannesburg usiku inakaribia sifuri, nyumba hazina hita. Sweta nzito nunueni mitumba Mbeya, ni rahisi na Mbeya wanajua baridi ni nini.

Jingine, Desemba uepukeni mpaka wa Beitbridge, wa kuingilia Sauzi, kama mnapita Zimbabwe. Wazimbabwe wanaofanya kazi Sauzi wanarudi kwao sikukuu na foleni inakuwa balaa. Pasaka hivyo hivyo.

4. Ruti: hesabu mihuri, siyo vivutio

Chukueni karatasi, nchi kushoto, siku kulia. Malawi na Zambia mara nyingi ofisa anakuandikia siku 30 kwanza, mkitaka kuendelea mnakwenda ofisi ya uhamiaji KABLA hazijaisha mnaongezewa. Sauzi Mtanzania ana siku 90 kwa mwaka, na hizo ni jumla. Watu wanadanganyana kwamba ukitoka ukaingia Lesotho ukarudi, siku zinaanza upya. Hazianzi. Ukizidisha Sauzi hata siku moja unaweza kutangazwa mtu asiyetakiwa: ukizidisha hadi siku 30 unafungiwa miezi 12, ukipita 30 ni miaka 5.

Mfano wetu mezani unakuwa hivi: Malawi wiki tano, Zambia wiki sita, Botswana au Zimbabwe wiki moja mbili, Sauzi miezi miwili. Nchi nne basi. Ukiona mkono unawasha kuongeza Namibia na Eswatini, ondoa kitu kwanza.

Ndani ya kila nchi chagueni vituo viwili, visizidi vitatu. Malawi kwa mfano mnaingia Kasumulu, mnashuka Karonga, Mzuzu, mnapanga Nkhata Bay mnakaa. Kuna meli ya MV Ilala inayotembea ziwani tangu 1951, ni raha kama ikiwa inatembea, ratiba yake inayumba kwa hiyo msiipangie siku muhimu. TAZARA nayo ni hivyo hivyo, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, kwa wawili waliochukua behewa la kulala hakuna safari tamu kama ile, lakini muulize stesheni wiki ile ile mnayoondoka kama abiria wanachukuliwa, msitegemee ratiba mliyoiona kwenye simu. Kutoka Zambia kwenda Botswana mnapita daraja la Kazungula, lilifunguliwa Mei 2021, kabla ya hapo ilikuwa pantoni na malori foleni siku kadhaa. Botswana msibebe nyama wala maziwa, wana vizuizi vya magonjwa ya mifugo, mnaweza kushushwa mkanyage dawa kwa viatu, hata vile vilivyo kwenye begi.

Msumbiji kaskazini, yaani Cabo Delgado, mkoa unaopakana na Mtwara, kuna uasi tangu Oktoba 2017. Najua daraja la Mtambaswala linavutia na ni karibu. Msipite huko.

5. Bajeti: mafungu manne

Sitawapa jumla maana jumla yangu siyo yenu, kuna watu wanakula mgahawani mara tatu kwa siku. Nawapa mafungu.

Fungu la kwanza, kukaa na kula, linahesabiwa kwa mwezi. Hapa ndipo polepole inapolipa. Chumba cha gesti cha usiku mmoja mkizidisha mara 30 ni hela nyingi, ila chumba hicho hicho mkiongea na mwenye nyumba kwa mwezi mzima, mkalipa keshi mbele, anashuka sana, na mkipika wenyewe chakula kinakuwa kama cha nyumbani. Fungu la pili ni usafiri na mipaka, linahesabiwa kwa kila mhamo, na ndiyo maana mihamo michache ni pesa. Fungu la tatu ni raha: maporomoko, mbuga, boti, siku ya kula nje. Liwe na kiasi chake kila mwezi la sivyo mmoja wenu atakuwa polisi wa pesa na mwingine mhalifu.

La nne ni hela ya msiba. Tiketi mbili za ndege kutoka popote mlipo hadi nyumbani, zikae akaunti ambayo hamuigusi, na sitanii. Miezi mitano ni mirefu, wazazi ni wazee, na simu ya saa tisa usiku ikija hamtakuwa na muda wa kukopa. Kutoka Johannesburg ndege ya moja kwa moja hadi Dar ni masaa matatu na nusu hivi, lakini kutoka Nkhata Bay ni basi hadi Lilongwe kwanza, kwa hiyo jueni kila kituo uwanja wa karibu ni upi.

Halafu kuna michango. Harusi, vikoba, ada ya mdogo wake fulani. Haisimami kwa sababu mmesafiri, tena inaongezeka, kwa sababu picha ya Table Mountain ukiiweka status tu watu wanajua mmetoboa. Wekeni kiasi cha michango ndani ya bajeti tangu mwanzo na aliyezoea kukataa ndiye ajibu simu.

6. Nyumba na wazee

Kama mmepanga, angalieni kodi inaisha lini. Kuweka mtu ndani bila mwenye nyumba kujua ni kutafuta kesi. Wengine wanaona bora kodi iishe, vitu vinaenda stoo kwa ndugu, wanaanza upya wakirudi, na kwa safari ya miezi mitano mara nyingi hesabu inakubali. Mkiacha mtu, mwacheni na namba ya mita ya LUKU, namba ya fundi bomba, na hela kidogo ya dharura.

Wazee waambieni mapema na waambieni pamoja, pande zote mbili, siyo mama mkwe asikie kwa jirani. Msiwape ramani yote, itawatisha. Wapeni jina la mji wa kwanza, tarehe ya kurudi, na siku ya wiki ambayo mtapiga simu kila wiki bila kukosa. Ile siku ikiwepo, simu za "mko wapi nyie" zinapungua sana.

7. Hela na simu

Benki zote mbili ziambieni mnakwenda nchi gani na lini, muombe kadi ziruhusiwe nje, la sivyo mashine ya kwanza inakataa na ya pili inameza. Laini zenu za Bongo wekeni rominingi kwa ajili ya zile namba za siri za benki zinazokuja kwa meseji, na weka vocha mara moja moja, laini ikikaa muda mrefu bila kutumika mtandao unaweza kuifunga na hapo benki yako imekuaga.

M-Pesa msitegemee huku. Ipo Msumbiji na Lesotho, lakini Sauzi ilifungwa 2016. Malawi wana Airtel Money na Mpamba, Zambia ni Airtel na MTN, Zimbabwe EcoCash. Mkifika nchi mpya kila mmoja asajili laini kwa pasi yake, siku ile ile, dukani kwao siyo kwa kijana wa barabarani.

Sasa kwacha. Malawi wanatumia kwacha na Zambia wanatumia kwacha, na hazihusiani. Mwaka 2025 dola moja benki ya Malawi ilikuwa zaidi ya kwacha 1,700, Zambia ilikuwa ishirini na kitu. Mtu akikubadilishia mpakani bila wewe kujua hilo unaondoka na furushi la noti unajiona tajiri, kumbe. Kwacha ya Malawi itumieni yote kabla ya kutoka maana nje ya pale hakuna anayeitaka. Dola ya Namibia ni sawa na randi moja kwa moja na ukiwa Namibia randi inapokelewa, ila dola ya Namibia ukienda nayo dukani Sauzi wanakurudishia.

Vijana wa chenji Tunduma na Nakonde (mpaka wetu na Zambia) wana mikono myepesi. Kama lazima, badilisha kidogo tu ya kufikia mjini, hesabu wewe wa mwisho, na ukishahesabu usimrudishie "aongeze moja iliyopungua". Hapo ndipo noti zinapoyeyuka.

Na hili kwa wanandoa wote: kila mtu awe na kadi moja, dola zake, pasi yake mwenyewe mfukoni mwake, na ajue namba ya siri ya simu ya mwenzake. Ile desturi ya baba kubeba pasi zote na hela zote kwenye begi moja la kiunoni, begi likienda mmeenda wote. Kipimo ni hiki: mwenzako akilazwa leo, unaweza kulipa hospitali, kupanga chumba, na kufika nyumbani peke yako? Kama huwezi, hamjawa tayari.

8. Mzigo

Begi moja la mgongoni kila mtu, ambalo unaweza kutembea nalo kilomita mbili. Khanga mbili tatu, zinafanya kila kitu: shuka, pazia, taulo, kujifunika basini. Sufuria ndogo, kisu, chumvi na pilipili manga. Chandarua, maana malaria ipo Malawi, Zambia, kaskazini mwa Botswana na hata Limpopo, Cape Town hakuna. Dawa zenu za kila siku za miezi yote pamoja na karatasi ya daktari. Powabenki kubwa: mwaka 2024 ukame ulipiga bwawa la Kariba na Zambia umeme ukawa wa masaa machache kwa siku, hali kama hiyo inaweza kurudi. Unga wa ugali msibebe jamani, wanakula nsima na nshima kuliko sisi.

9. Mpakani

Fikeni asubuhi. Basi linalowafikisha mpakani saa mbili usiku nauli yake ni rahisi kwa sababu linafika saa hiyo mbaya. Nendeni dirishani pamoja lakini kila mtu ajibu mwenyewe, na majibu yafanane: mnakwenda mji gani, siku ngapi, mnalala wapi, mnarudije. Kuwa na anwani ya kulala usiku wa kwanza hata kama ni gesti ya siku moja.

Kabla hamjaondoka dirishani SOMENI MHURI. Tarehe ya leo iko sawa? Siku ngapi zimeandikwa? Ukiomba siku 60 ukaandikiwa 14, mwambie pale pale kwa upole, "samahani mkuu, tuliomba sitini". Ukishatoka getini ni ofisi nyingine na siku nyingine. Piga picha mhuri, weka alamu ya simu siku 7 kabla haujaisha.

Rudisheni saa nyuma, nchi zote za ruti hii ziko nyuma yetu saa moja. Na tiketi ya basi someni vizuri: saa 6 ya kule ni saa 12 yetu asubuhi, siyo mchana. Unacheka, ila kuna watu wameachwa na basi kwa hilo tu.

Kiswahili kitawafikisha mbali kidogo ya mpaka, Nakonde na Karonga watu wanakisikia, ukishuka zaidi ni Kiingereza na maneno machache ya pale. "Zikomo" Malawi ni asante, jifunzeni siku ya kwanza.

10. Chumba cha mwezi

Msilipe mwezi kabla hamjalala usiku miwili. Lodji siku mbili tatu za kwanza, halafu tembeeni kwa miguu mtaa mnaoutaka, mchana na tena saa moja jioni. Ulizeni wenye maduka, mama wa mboga, mchungaji, msikitini. Mkipata chumba angalieni maji yanatoka saa ngapi, mlango una komeo la ndani, na umeme ukikatika wana sola au hawana. Mpatane kwa maandishi hata kama ni ukurasa wa daftari, na mchukue risiti. Anayetaka hela kwa simu kabla hamjaona chumba, hasa miji ya Sauzi, ni tapeli.

Sauzi kuna mambo ya ziada. Usitembee na simu mkononi maeneo ya Park Station Johannesburg, giza likiingia ita teksi ya apu. Mashambulizi dhidi ya wageni yametokea kweli, 2008 na 2019 yanajulikana, na 2025 kulikuwa na vikundi vinasimama getini kwa zahanati za serikali kuzuia wageni. Kwa hiyo bima iwe ya hospitali binafsi, na mtaa uchagueni kwa kuuliza Wabongo wanaoishi pale, ambao wapo wengi tu.

11. Kuishi wawili masaa 24

Nyumbani mnaonana jioni. Huku mko chumba kimoja siku nzima wiki zinapita, na vitu vidogo kama jinsi anavyotafuna vinaanza kuwa na sauti kubwa. Gawaneni kazi kwa wiki, siyo kwa jinsia: wiki hii wewe tiketi na ramani, mimi jikoni na hela, wiki ijayo tunabadilishana, na aliye zamu ndiye mwenye uamuzi, mwingine halalamiki hadi jioni. Kila wiki kuwe na siku moja kila mtu anakwenda zake peke yake. Siku ya kusafiri hakuna maamuzi makubwa wala mada ya wakwe. Na mkihama kituo, siku mbili za mwanzo msifanye kitu, mfue nguo mlale.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Pasi imepotea. Polisi kwanza, mpate karatasi ya taarifa, halafu ubalozi. Tanzania ina balozi Lilongwe, Lusaka, Harare na Pretoria. Mtapewa hati ya dharura ya kurudia nyumbani, kwa hiyo mwenye hati hiyo safari yake imeishia hapo, mwenzake aamue.

Mashine imemeza kadi. Usitoke pale kama benki iko wazi, ingia ndani na pasi. Ndiyo maana mashine za ukutani mwa benki saa za kazi ni bora kuliko za sheli usiku. Kwa wiki ile mnatumia kadi ya mwenzako.

Siku za mhuri zinaisha na mgonjwa kalala. Nendeni uhamiaji na karatasi ya hospitali kabla ya tarehe, hata kama anakwenda mmoja. Baada ya tarehe maongezi yanabadilika kabisa.

Homa. Mkiwa eneo la malaria au mmetoka huko ndani ya wiki chache, pima siku hiyo hiyo. Ukiwa Cape Town mwambie daktari umetoka Malawi, kule hawaifikirii malaria haraka. Na walioogelea Ziwa Nyasa wapime kichocho wiki sita hadi nane baada ya kutoka majini, hata kama hawajisikii kitu, dawa yake ni ya siku moja.

Mafuta hakuna Malawi. Inatokea mara kwa mara, foleni za magari zinajaa sheli na nauli zinapanda. Msiwe na siku ya mwisho ya mhuri mkiwa mbali na mpaka. Sogeeni wiki moja kabla.

Hela inakwisha haraka kuliko karatasi. Msikate chakula, kateni mhamo. Kaeni hapo hapo mlipo mwezi mwingine kama mhuri unaruhusu, halafu rukeni nchi moja mwende moja kwa moja.

Mmoja anataka kurudi, mwingine hataki. Wiki moja bila kulizungumza, mkae sehemu nzuri, mlale vya kutosha, kisha someni zile karatasi za hatua ya kwanza. Kama bado anataka kurudi, anarudi, na tiketi inatoka kwenye fungu la pamoja, siyo mfukoni mwake. Anayebaki anaendelea hadi tarehe mliyokubaliana, na ile siku ya simu ya wiki inakuwa ya kumpigia aliyerudi pia.